Bakuli la Denby la mtumba na supagluu ndani ya mchuzi: nyota moja. Au tatu, sijui

Mchuzi wa sato hautakiwi kunuka plastiki inayoungua. Huu ulinuka. Mfuniko umefunuliwa mezani, ugali haujamegwa hata tonge moja, na tayari mstari wa mafuta mekundu unatambaa kwenye kitambaa cha meza kutoka chini ya bakuli. Kuliinua tu likaachia: upande wenye mkono ukabaki mkononi, upande wa pili ukabaki na nusu ya mchuzi. Kwenye mvunjiko kulikuwa na utando mweupe uliolainika, unabanduka kwa ukucha. Supagluu.

Muuzaji simtaji. Ni mmoja wa hawa wanaofungua kontena za vyombo vya mtumba kutoka Uingereza hapa Mwanza na kurusha picha WhatsApp. Siku ya kununua, wiki kadhaa zilizopita, ilikuwa "bosi wangu, hili ni jiwe tupu, wajukuu watalikuta." Nilipompelekea vipande ikawa: "We mama, umeshalitumia. Vya zamani ndivyo vilivyo. Ukitaka kipya nenda Makoroboi kanunue kipya." Akageukia mteja mwingine huku vipande vyangu viko juu ya meza yake. Elfu arobaini inauma, lakini inapona. Kisichopona ni kwamba hakukana. Hakusema hata kwamba hakujua.

Na vya zamani sivyo vilivyo! Udongo mgumu wa aina hii huchomwa kwenye nyuzi kama 1,200 hadi 1,300 za Selsiasi, mpaka chembe zinaanza kuyeyuka na kushikana kama kioo. Matundu yanaziba, na hata kitako kisichopakwa glezi, ule utando wa kung'aa kama kioo, hakinywi maji ya maana. Denby, kiwanda cha vyombo cha Uingereza, wanafinyanga huko Derbyshire tangu 1809, walianza na chupa na mitungi. Hili langu ni Greenwheat, yale mabua ya kijani yaliyochorwa kwa mkono, ubunifu wa Albert Colledge wa miaka ya 1950. Mhuri wa kitakoni unasomeka vizuri. Kiwanda hakina kosa hata chembe. Bakuli kama hili likitunzwa linawazika wanunuzi wake.

Linachoshindwa ni joto la ghafla na joto la upande mmoja. Litoe kwenye friji ulimwagie mchuzi unaochemka, ndani linatanuka kabla ya nje, linapasuka. Liweke juu ya jiko la mkaa "lipashe kidogo", kitako kinatanuka kingo zikiwa bado baridi, linapasuka vilevile. Hapa watu wengi wanakosea kwa sababu ya chungu. Chungu chetu kinakaa motoni kwa kuwa kimechomwa kwa moto mdogo na udongo wake una mchanga na matundu. Ufa ukianza unaishia kwenye tundu. Udongo mgumu hauna pa kuuzuia ufa. Ukianza unapita moja kwa moja hadi ukingoni. Ugumu mezani si ugumu jikoni. Pasha bakuli kwa maji ya moto ya bomba au ya birika yaliyochanganywa, liache dakika tano, mwaga, futa, ndipo upakue. Mchuzi utakaa na moto mpaka mtu wa mwisho anawe mikono.

Sasa gundi. Supagluu ikishakauka ni ngumu lakini ina udhaifu wa aina mbili: joto linalokaribia lile la maji yanayochemka huilainisha, na unyevu wa mara kwa mara huila taratibu. Mchuzi wa samaki una vyote viwili, ukiongeza mafuta na ndimu. Bakuli lililogundishwa linafaa kuwekewa ndizi mbivu au funguo za nyumba. Anayeliuza la kupakulia chakula anajua anachofanya, kwa sababu hakuishia kwenye gundi: juu ya mstari alipaka rangi ya maziwa na vanishi, ufa usionekane kwenye picha. Huo si mtumba, huo ni utapeli wenye brashi.

Ningekuwa nimeujua mapema? Ndiyo, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu vipimo navijua na siku hiyo nilifanya kimoja tu. Niliweka bakuli juu ya vidole bila kulishika kingo nikaligonga kwa ukucha. Zima hulia ngiii na mlio unakaa, lenye ufa hujibu do, kama kugonga mbao. Langu lilijibu nusunusu, nikasema ni kwa sababu ya mikono ya bakuli. Mjinga ni mimi hapo. Ilitakiwa nimulike kwa tochi ya simu kutoka pembeni, mwanga ulale juu ya glezi, mahali palipopakwa rangi pangeonekana pamefifia. Ilitakiwa nipaguse kwa ncha ya jino: glezi ni ya baridi na inateleza, rangi ni laini na haitoi mlio. Na kuna ile taa ya kukagulia noti bandia, iliyo kwa mawakala wengi wa miamala. Gundi nyingi na rangi za kuzibia huwaka tofauti na glezi chini yake, mstari mzima unajitokeza. Ukikosa taa, omba maji ya uvuguvugu, jaza, subiri robo saa, pitisha kidole chini. Muuzaji anayekataa maji ameshakujibu.

Basi nyota moja. Ila...

Ila sahani sita nilizochukua kwake siku hiyohiyo, elfu nane kila moja, ni sahani bora kuliko zote zilizowahi kukaa kwenye meza hii. Siwezi kudanganya. Ugali wa muhogo unabaki wa moto, dagaa wa kukaanga hawalowi haraka, na uzito wake unafanya sahani isikimbie ukimega. Zilikuja na mistari ya kijivu ambayo mwingine angedhani ni nyufa. Siyo. Ni madini ya vijiko na visu yaliyobaki juu ya glezi. Dawa ya meno nyeupe na kitambaa laini, unasugua kwa mviringo dakika mbili, inatoka. Usitumie steelwire, utakwangua glezi na mistari itarudi mibaya zaidi. Ukizipanga kabatini weka kipande cha kitenge kati ya sahani na sahani, maana kitako kisicho na glezi ni msasa kwa sahani ya chini yake. Kwa hizo sahani pekee nampa nyota nne, na mkono wangu unatetemeka kuandika hivyo.

Halafu nakumbuka vikombe, hasira inarudi.

Vikombe vinne, siyo vya Denby, vya udongo mwepesi wenye vijinyufa kama utando wa buibui kwenye glezi. Vijinyufa hivyo vinakuja pale glezi inaposinyaa kuliko udongo wakati wa kupoa, inabana kama shati la mwaka juzi mpaka inaachia. Kwenye udongo mgumu ni kasoro ya macho tu. Kwenye udongo mwepesi chai inapenya, na kwenye bakuli shombo linapenya na halitoki tena. Muuzaji aliviloweka kwenye jiki ili viwe vyeupe. Weupe ulidumu hadi chai ya pili. Jiki ikiingia kwenye vijinyufa haioshwi ikaisha. Chumvi zake zinakauka humo, zinatengeneza fuwele, fuwele zinasukuma glezi ibanduke vipande vipande. Kikombe kimoja tayari kinamenyeka mdomoni. Na wale mnaofikiria kuongeza siki ili "ifanye kazi vizuri": jiki na siki hutoa hewa ya klorini, msijaribu hata dirisha likiwa wazi.

Kinachofaa ni haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya duka la dawa ya kusafishia vidonda. Tia kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, zamisha chombo, weka gizani siku mbili hadi tano, suuza, kisha kiache kikauke wiki nzima kabla ya kukitia kitu cha moto. Kitu chenye unyevu ndani kikiingia kwenye maikrowevu ndicho kinachopata moto kuliko chakula.

Jambo jingine alilonijibu kwa kucheka ni risasi, ile metali yenye sumu. Nilimuuliza kuhusu sinia lenye rangi kali ya machungwa na njano iliyochorwa juu ya glezi. Glezi na rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, na rangi za namna hiyo hata kadimiamu, nayo metali ya sumu, na tindikali ndiyo inayozitoa. Ndimu, ukwaju, achari ya maembe, nyanya zilizolala usiku kucha. Sinia la hivyo ni la ukutani. "Mbona Wazungu walikula humo na hawakufa," akasema. Sikulinunua, kwa hiyo hapo hasara ni yake.

Mfuniko wa bakuli umebaki mzima, mabua yote ya kijani yamekamilika. Nimeujaribu juu ya bakuli la enameli la kupakulia, umekaa barabara, mvuke hautoki. Bakuli la Greenwheat lisilo na mfuniko linapatikana kirahisi kuliko lenye mfuniko, kwa hiyo nusu ya kazi nimeshaifanya. Nasikia ana kontena jingine linafunguliwa karibuni. Nitakwenda, na wakala wa jirani ameshakubali kuniazima taa yake.