Waliotusaidia kuuza duka la mzee, nawapa nyota 4 kati ya 5

Wakuu, mzee wangu ana miaka 69, duka lake la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro kalishika miaka 27, sa hivi magoti yamechoka na sisi watoto hakuna hata mmoja wa kurudi kukaa kaunta. Naandika kwa sababu najua wengi mna wazee wenye maduka na mnangoja mpaka mzee aanguke ndo muanze kuhangaika.

Kwanza tulileta dalali wa kawaida. Akaangalia fremu, akapitisha macho kwenye shelfu, akataja bei ya kutupa kwa mali yote na kilemba kidogo (ile hela ya juu ya kuachiwa duka lenye wateja tayari), basi. Mzee hakujibu kitu, alichukua kitambaa akawa anafuta kaunta. Iliniuma sana.

Baadae jirani akatuelekeza kwa ofisi moja ya washauri wa biashara, dada mmoja na mhasibu wake. Yule dada siku ya kwanza hata bei hakugusia, aliomba daftari. Mzee ana kaunta buku kubwa, kila fundi yumo, namba ya simu, anajenga wapi, kachukua nondo ngapi na saruji mifuko mingapi, halafu pembeni kuna alama ya kalamu nyekundu kwa wale ambao hawalipi mpaka na wao walipwe. Dada akakaa nalo kama masaa mawili hivi, akasema, "Baba, fremu ni ya mwenye nyumba, mali mtu ananunua popote, hawa mafundi ndo duka lako." Aisee mzee alinyooka kwenye kiti.

Tukahesabu mali usiku tatu mfululizo, mpaka misumari tukapima kilo, ikawekwa kwa bei ya kununulia, kisha kilemba kikapigwa kwa faida ya miaka miwili kutoka kwenye ripoti za mashine ya EFD (ile ya kutolea risiti za kodi) na benki. Ikafika karibu mara mbili ya ile ya dalali. Madeni ya kwenye daftari yakabaki ya mzee, yakaandikwa kabisa kwenye mkataba wa wakili. Na yule kijana wa dukani alilipwa stahiki zake kwanza ndo mnunuzi akaingia, hilo wao ndo walilisimamia na nawashukuru.

Kitu ambacho sikukijua kabisa ni kwamba TIN (namba ya mlipakodi) na leseni ya mzee havihamii kwa mnunuzi. Mnunuzi anatafuta vyake, mashine ya EFD yake, jina la biashara linabadilishwa mmiliki BRELA wanakosajili biashara, na mzee anatakiwa aende TRA, watu wa kodi, mwenyewe afunge, la sivyo makadirio ya kodi yanaendelea kumwandama wakati keshalala nyumbani.

Nyota moja nimekata kwa sababu walisahau Lipa Namba, ile namba ya wateja kulipia kwa simu. Ilikuwa na jina la mzee, kwa hiyo wiki tatu nzima hela ya mnunuzi inaingia kwa mzee, kila jioni wanakaa kuhesabiana na kutumiana, na hapo katikati maneno yakaanza. Kwa watu wanaolipwa asilimia 5 hilo lilitakiwa liwe kwenye orodha yao siku ya kwanza kabisa. Tulivyowapigia walikuja siku hiyohiyo wakaomba radhi, ila uaminifu ulikuwa umeshatikiswa.

Kilichorudisha amani ni ule mpango wao wa mzee kukaa na mnunuzi miezi miwili. Nilikuwepo Jumamosi moja, kaingia fundi bomba wa siku nyingi, kamuulizia mzee, kumbe mzee yuko palepale kwenye kiti, mzee akamshika yule mnunuzi begani akasema, "Huyu ndo mimi sasa, na kwenye bei usimsumbue kuliko ulivyonisumbua mimi." Fundi akatoa karatasi yake ya vipimo, akampa mnunuzi.

Mkienda kwao nendeni na daftari, na mzee awepo mwenyewe, msimsemee.