Upasuaji wa roboti kwa saratani ya mfuko wa uzazi: uzoefu wangu, kutoka Mtwara

Naanza na lililo zito, maana huku kwetu watu wanauza mashamba ya mikorosho ili mgonjwa afike India. Roboti inafaa kwa saratani ya mfuko wa uzazi iliyo hatua za mwanzo. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, inayowapata wanawake wetu wengi zaidi, usiikimbilie. Mwaka 2018 yalitoka majibu ya utafiti wa LACC: kwa hatua za mwanzo za saratani hiyo, baada ya miaka mitatu asilimia 97.1 ya waliopasuliwa tumbo walikuwa hai bila ugonjwa kurudi, na waliotolewa kizazi kwa matundu madogo, wa roboti wakiwemo, walikuwa asilimia 91.2. Ikiwa imeshasambaa pembeni mwa mlango, tiba yake ni mionzi na kemotherapi, na hiyo ipo Ocean Road, Dar es Salaam. Ya mifuko ya mayai iliyotapakaa tumboni nayo inataka tumbo lifunguliwe.

Mimi nilitolewa kizazi, mirija na mifuko ya mayai kwa roboti iitwayo da Vinci Xi. Mashine haipasui yenyewe: daktari anakaa hatua chache kutoka kitandani, macho kwenye kioo, vidole kwenye vishikio, na kila anavyosogeza vidole ndivyo vyuma vinavyosogea ndani. Mikono ni minne, mmoja umeshika kamera. Tumboni vinabaki vidonda vidogo vya milimita 8 hivi, vimejipanga mstari usawa wa kitovu.

Kabla ya hapo, rangi ya kijani huchomwa kwenye mlango wa kizazi. Kamera ikibadilishwa mwanga, tezi za kwanza zinazopokea maji kutoka kwenye kizazi zinang'aa, na hizo tu ndizo zinazotolewa kupimwa kama saratani imefika huko. Kwangu hili ndilo bora kuliko yote, maana tezi zikikombwa zote mguu unaweza kuvimba, na hapa kwetu kila mtu atasema ni matende.

Tumbo hujazwa gesi ya kabonidayoksaidi, na kitanda huinamishwa kichwa kikiwa chini kwa saa kadhaa. Mwenye presha ya macho, moyo au pumu aseme mapema kwa daktari wa usingizi. Ukiamka uso umevimba na bega linauma, usidhani umelazwa vibaya: gesi iliyobaki inasumbua kiwambo kilicho chini ya mapafu, na mshipa wake wa fahamu unapeleka maumivu begani. Tembea, siku mbili tatu yanakwisha.

Kizazi hutolewa ukeni kikiwa kizima. Mwulize daktari kabla: kikiwa kikubwa, atafanyaje? Jibu la kukatakata ndani ya tumbo likatae, kwa kuwa chembe za saratani zinamwagika. Afungue tumbo.

Hatari wasiyoisisitiza ni mshono wa juu ya uke. Unakatwa kwa umeme, nyama inaungua kidogo na kupona polepole, kwa hiyo unaweza kuachia hata baada ya wiki kadhaa. Usilale na mume kwa wiki nane au zaidi, mpaka daktari aukague. Usijitwishe ndoo ya lita 20 wala kuinua gunia la korosho. Maji au damu ikichuruzika ghafla, nenda siku hiyohiyo Hospitali ya Ligula au Hospitali ya Kanda Mitengo, na karatasi zako za upasuaji mkononi.

Sindano za kuzuia damu kuganda mara nyingi huandikwa za siku 28. Nunua zote kabla ya kuondoka, zitunze palipo na ubaridi lakini zisigande. Dar hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 550. Basi likisimama Nangurukuru, shuka utembee.

Kilichonikera ni bili. Hospitali ilitaja bei ya upasuaji, kisha vyuma vya roboti vikaja peke yake, na kipimo cha nyama peke yake. Vyuma hivyo vina idadi maalumu ya matumizi, mashine yenyewe inahesabu, ndiyo maana ni ghali. Dai bei ya jumla kwa maandishi. Dai pia vile vipande vya nyama vilivyogandishwa kwenye nta, ili madaktari wa Dar waweze kuvipima upya.

Je, inastahili hiyo pesa? Kwa mwanamke mnene, ndiyo: uwezekano wa kuishia kupasuliwa tumbo ni mdogo. Kwa mwembamba, upasuaji wa kawaida wa matundu kwa mkono wa bingwa aliyeuzoea unatibu saratani hii vilevile kwa bei nafuu, na ningemshauri dada yangu achukue huo.