Uzoefu wangu na lifti ya mkono: "Ruka tu, mama"

"Ruka tu, mama."

Hivyo ndivyo alivyoambiwa mama yangu mzazi. Ana miaka 74, ametoka kutiwa dawa ya macho, kiganja chake mwenyewe anakiona ukungu, kasimama mlangoni mwa lifti iliyoishia shubiri nzima juu ya sakafu. Aliyemwambia ni mwendesha lifti, kijana wa kumwita bibi, simu sikioni, hata uso hakugeuza. Ruka tu! Nimeandika haya mara tatu nikafuta, maana kila nikifika kwenye neno hilo mikono inanitetemeka. Leo namaliza.

Kwanza nieleweke: sina ugomvi na lifti za zamani. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwasumbua watu kwa kuisifia hii. Yupo daktari wa macho mwingine karibu zaidi na kwetu, jengo jipya, lifti nne za vitufe, na bado nilikuwa nampeleka mama huku kwa ajili ya lifti moja tu. Mwenyewe alikuwa anaipenda. Alisema ndiyo lifti pekee ambayo akiingia hajioni kama amefungiwa kabatini.

Na ni kweli. Lifti za siku hizi unaingia kwenye boksi, unatazama namba zinabadilika, unatoka. Hujui umepita wapi. Hii ina geti la kukunja, vyuma vyembamba vilivyopishana. Ukilivuta linabanana upande mmoja kwa mlio wake, ukilirudisha linatanuka mpaka linakamata. Katikati ya vyuma hivyo unaona safari yako yote. Ukipanda, unene wa sakafu unapita mbele ya pua yako, kisha unaona viatu vya watu wanaosubiri ghorofa ya juu, kisha magoti, kisha nyuso. Ukishuka, vichwa vinatangulia. Unasikia kamba za waya zinavyozungukia gurudumu kule juu. Ukutani kuna kigoda cha mwendeshaji, cha kukunja, na karibu yake mkono wa shaba uliosuguliwa na viganja vya watu mpaka umeng'aa wenyewe.

Huo mkono ndio ulionifanya niwe mtu wa lifti hii. Ukiulaza upande mmoja, lifti inapanda. Upande wa pili, inashuka. Ukiuachia, springi inaurudisha katikati, umeme unakatika na breki inakamata. Hakuna namba za kubonyeza, hakuna kompyuta ya kuamua isimame wapi. Anayeamua ni mtu, kwa jicho lake, huku ukingo wa sakafu unakuja.

Na mtu wenyewe alikuwa mzee mmoja ambaye sikuwahi kumwona na haraka. Mara ya kwanza kabisa niliona anatuangalia mmoja mmoja tunavyoingia, nikadhani anatukagua. Baadaye nikamuuliza. Akaniambia, "Nawahesabu, mwanangu. Hii haiendi peke yake, ina mwenzake." Mwenzake ni vile vyuma vizito vilivyofungwa upande wa pili wa kamba, ambavyo lifti ikipanda vyenyewe vinashuka. Vimepimwa vilingane na uzito wa chumba cha lifti pamoja na karibu nusu ya mzigo unaoruhusiwa. Kwa hiyo wakiingia watu wawili watatu, mwenzake ndiye mzito: ukipanda anakuvuta upitilize, ukishuka anakushikilia ufike pungufu. Lifti ikijaa, mambo yanageuka kinyume. Ndiyo maana kabla hajagusa ule mkono alishajua auachie wapi. Aliuachia ukingo wa sakafu ukiwa bado haujafika, lifti ikajiburuta kidogo, ikatulia. Mimi nilikuwa natazama ule mstari kati ya lifti na korido kila mara, kwa mapenzi tu. Ulikuwa sawa, kidole cha mguu kisingejikwaa. Na bado, pamoja na kuwa sawa, alikuwa anatoka yeye kwanza, anampa mama mkono, anamwambia, "Pako sawa hapa, mama, pita."

Sasa siku yenyewe.

Tumefika, mzee hayupo. Yupo huyo kijana. Salamu ya mama haikuitikiwa. Geti alilivuta kwa kishindo nikaona mama anashtuka. Simu haikutoka sikioni, alikuwa anacheka na mtu wa upande wa pili, mkono mmoja kwenye simu, mmoja kwenye shaba. Ghorofa ya tano tulipitiliza vidole vinne hivi. Nikamwambia, "Bado kidogo, turudishe." Akanijibu, "Si mmefika?" Nikanyamaza, nikamshika mama tukateremka. Kule kunyamaza kunaniuma mpaka sasa, kwa sababu ningemfokea palepale huenda chini asingefanya alichofanya.

Kwa daktari mama alitiwa matone ya kupanua mboni ili aangaliwe ndani ya jicho. Aliyewahi kutiwa anajua: kwa saa kadhaa vitu vya karibu vinakuwa ukungu, na mwanga unachoma. Kwa hiyo tulivyoita lifti kushuka, mama alikuwa anategemea bakora yake na mkono wangu.

Tulikuwa watatu tu ndani, kijana akiwemo. Tulipokaribia chini, aliuachia mkono palepale alipozoea, naona, wala hakuangalia nje. Lifti ikaishia juu. Geti alikuwa ameshalifungua hata kabla hatujasimama, jambo ambalo niliona lakini kichwa changu hakikulishika wakati ule. Mama akanyoosha bakora kutafuta sakafu pale ambapo miaka yote sakafu inakuwepo. Hakukuta kitu. Akasimama, akauliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, mbona kama hatujafika?"

"Tumefika. Ruka tu, mama."

Akakanyaga. Akidhani labda ni kidogo, kama kule juu. Bakora ikachomeka kwenye mwanya kati ya lifti na ukingo, yeye akaenda mbele, nikamdaka bega. Goti liligonga sakafu, likachubuka. Kumshukuru Mungu, si zaidi ya hapo. Lakini nilivyomwinua, mtu mzima yule alikuwa analia bila sauti, na mwanga unamuumiza macho, hajui hata ageukie wapi. Na nyuma yangu nasikia, "Nitakupigia baadaye kidogo, kuna watu hapa."

Kuna watu hapa!

Nilimtafuta msimamizi wa jengo. Alitoka ofisini kwake, akasikiliza nusu, akaniambia, "Hiyo ni lifti ya zamani, ndivyo zilivyo. Ngazi zipo." Niliishiwa maneno. Mama ana goti linavuja damu, anaambiwa ngazi zipo.

Na hilo la uzamani ndilo ninalolikataa kwa nguvu zote. Lisbon kuna lifti ya Santa Justa, ilifunguliwa mwaka 1902, imebeba watu zaidi ya miaka 100 kwa vyumba vya mbao na shaba. Los Angeles kuna jengo la Bradbury la mwaka 1893, lifti zake za vyuma vya wazi watu wanakuja kuzipiga picha. Uzee haujazifanya ziwatupe watu sakafuni. Hii ya kwetu pia haikukosea siku ile. Tulikuwa wachache, mwenzake akatushikilia, tukafika pungufu, kama mzee alivyonieleza siku zote. Mashine ilifanya kazi yake ileile. Aliyekosa kufanya kazi yake anajulikana, na aliyemweka pale bila kumfundisha ndiye aliyenionyesha ngazi.

Hapo nilikuwa bado nataka kuandika kwamba lifti ni nzuri, mhudumu ndiye mbaya, mwisho. Lakini mama alikuwa amesahau mkoba wake wa miwani ndani ya lifti. Nikarudi kuuchukua, kijana katoka nje na simu yake, lifti iko wazi. Nikainama. Pembeni ya geti, usawa wa kiuno, kuna kiulimi kidogo cha chuma. Geti likifungwa sawasawa linakibonyeza, umeme unapita, lifti inaweza kwenda. Geti likiachia, kiulimi kinachomoka, umeme unakatika, lifti inasimama. Ndiyo kinga yenyewe. Kile kiulimi kilikuwa kimebonyezwa mpaka ndani, na kilichokibonyeza ni kipande cha kadibodi kilichokunjwa mara nne, kimesukumiwa hapo kwa nguvu, kona zake zimeshaanza kuwa nyeusi kwa grisi.

Nilisimama na ule mkoba mkononi, hasira ikaniisha, ikaja hofu. Ndiyo maana geti lilifunguliwa tukiwa bado tunatembea na lifti haikusimama. Yaani tulipanda ghorofa tano na kushuka geti likiwa halina maana yoyote, na mama yangu anapenda kusimama karibu na lile geti ili aone viatu vya watu vinavyopita.

Watu wengi wakiona lifti ya namna hii wanaogopa kamba kukatika. Hilo lilishatafutiwa dawa zamani. Elisha Otis alisimama juu ya jukwaa lililoning'inia kwenye maonyesho ya New York mwaka 1854, kamba ikakatwa, breki yake ikakamata reli, hakwenda popote. Miaka 3 baadaye, 1857, lifti yake ikaanza kubeba abiria katika duka la Haughwout, barabara ya Broadway. Ilibidi ndege igonge Empire State Building mwaka 1945 ndipo lifti ikaanguka ghorofa 75 na mwendeshaji wake, Betty Lou Oliver, ndani, na hata yeye alitoka hai. Kamba siiogopi. Naogopa geti lililo wazi na ukuta unaopita, naogopa ukingo ambao mguu haukuutegemea. Mambo hayo mawili lifti ya mkono imemwachia mtu na kile kiulimi, na siku ile vyote viwili havikuwepo.

Kwa hiyo nikabadili maneno yangu. Nilimwambia kila niliyewahi kumsifia: msiende, nimejidanganya muda wote. Nikaanza hata kuwaelewa watu wa vitufe. Septemba ya mwaka huohuo wa 1945 waendesha lifti wa New York waligoma, na maelfu ya watu wakabaki chini ya majengo marefu wasijue wafikeje kazini. Mimi nilikuwa nikisimulia habari hiyo kama msiba, kwamba baada ya pale wenye majengo walizidi kuwaona waendeshaji kama mzigo na vitufe vikashika kasi. Siku ile, natembea na mama anachechemea, nilisema afadhali. Kitufe hakina simu sikioni. Lifti ya kitufe inajisawazisha yenyewe na sakafu, na mlango wake haumwambii mtu aruke.

Nilikaa na msimamo huo siku kadhaa, na niliuamini kabisa. Aliyenitikisa ni mama. Alikuwa anakandwa goti, akaniuliza, "Yule mzee yuko wapi? Anaumwa?" Hakuuliza kuhusu lifti, wala kijana. Sikuwa na jibu, nikaenda peke yangu kuulizia.

Nikamkuta yupo. Alikuwa amelazwa hospitali, sasa karudi, amepungua mwili, kaketi kwenye kigoda chake, koti limemwacha mabegani. Nilimweleza yote nimesimama pale pale mlangoni: goti, bakora, maneno aliyoambiwa mama. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipofika kwenye kadibodi akaingiza mkono mfukoni akaitoa. Ileile, imekunjwa mara nne, kona nyeusi. "Niliikuta siku niliyorudi," alisema. "Geti lilikuwa linawagomea, linataka kufungwa taratibu, hawana muda wa kufunga taratibu. Nimewapelekea ofisini, wameniambia acha maneno mengi." Anaiweka mfukoni ili siku wakimwuliza aionyeshe. Hakuna aliyemwuliza.

Akanipandisha mpaka juu kabisa, mimi na yeye tu. Nilitazama ule mstari. Sawa, kama zamani. Geti alilisogeza mpaka likakamata, akaligusa mara ya pili kuhakikisha, ndipo akaulaza mkono.

Sasa nyota nitoe ngapi? Kwa jengo, hakuna hata moja, na msimamizi akisoma hapa ajue nimemwandikia barua kwamba kila anayeshika ule mkono afundishwe kwanza na mzee, na fundi akague geti, na mpaka naandika haya sijajibiwa. Kwa mzee, zote. Kwa lifti yenyewe nilikuwa nimeandika moja, nimeifuta, nimeandika tano, nimefuta tena, kwa sababu nikimwambia mtu ni tano naye akampeleka mzazi wake siku mzee hayupo, nitakuwa nimemwambia nini?

Mama anatakiwa kurudi kwa daktari hivi karibuni. Amesema anakwenda kulekule. Tumekubaliana atabaki chini kwenye benchi, mimi nitangulie kuchungulia ni nani aliyekaa kwenye kigoda na kile kiulimi kikoje. Nikikuta ni yule kijana, tunaita gari tunaondoka.