Autopailoti ya boti: kasoro ni yake, au ni ya usukani wako?

Karibuni tena, watazamaji. Hapa mezani nina seti ya autopailoti ya pampu, kifaa kinachogeuza usukani chenyewe ili boti ishike mwelekeo, ile inayofungwa kwenye boti zenye usukani wa oili. Kuna kompyuta yake, sensa ya mwelekeo, pampu yenyewe, na hii skrini ndogo ya kuamrisha. Mwenye haraka nampa jibu mapema: bidhaa ni nzuri, ila lawama nyingi inazobebeshwa ni za usukani.

Autopailoti haina mikono ya peke yake. Inasukuma oili ileile, kwenye mipira ileile, hadi silinda ileile ya kugeuzia boti unayoitumia wewe. Kwa hiyo jaribio la kwanza ni kuizima. Bonyeza kitufe cha Standby, shika usukani mwenyewe, nenda mwendo wa kawaida. Kama boti inahangaika hata mkononi mwako, achana na menyu, funga boti gatini na uzime injini.

Sasa zungusha usukani hadi mwisho wa kulia, kisha hadi mwisho wa kushoto, ukihesabu mizunguko. Rudia. Hesabu isibadilike. Ukifika mwisho, usukani ukatae kabisa, uwe mgumu. Ukibonyea na kurudi kama godoro, kuna hewa kwenye oili. Ukiendelea kuteleza polepole kila ukiukaza, oili inapita pasipotakiwa, aidha kwenye sili za silinda au kwenye vali za pampu ya usukani, ile unayoizungusha kwa mkono. Futa fimbo ya silinda kwa karatasi kavu, futa na nyuma ya usukani, halafu itazame ile karatasi. Oili haijifichi.

Hewa inatolewa na watu wawili. Mmoja anajaza oili juu kwenye usukani na kuuzungusha, mwingine yuko kwenye silinda anafungua skrubu ya kutolea hewa, upande mmoja kwanza, mpaka mapovu yaishe. Wengi wanasahau kwamba pampu ya autopailoti nayo inaficha hewa, na mikono yako pale kwenye usukani haiwezi kuifukuza. Fuata kitabu chake: mara nyingi utatakiwa kuiendesha kulia na kushoto kwa vitufe kazi ikiendelea, huku oili ya juu haikauki. Na oili iwe ile iliyotajwa na mtengenezaji wa usukani. Oili ya breki usiiweke hata kwa dharura, inaharibu sili.

Je, usukani ni mgumu kuzunguka? Kwenye injini ya nje, fungua kiungo cha silinda, kisha isukume injini kwa mikono. Ikisogea kwa urahisi, ugumu uko kwenye silinda, mipira au pampu ya usukani. Ikigoma, tatizo liko kwenye egemeo ambalo injini inageukia: grisi imekauka, chumvi na kutu vimejaa. Safisha, weka grisi mpya. Wenye usukani wa kebo, kebo iliyoshika kutu ndani haitibiki, badilisha.

Halafu kuna dalili moja ambayo mafundi wengi wanaiita ugonjwa wa autopailoti. Umeiwasha, pampu inanguruma, na usukani unazunguka wenyewe ilhali injini haigeuki, au inageuka kidogo tu. Mwenye boti anakimbilia kudai pampu mpya. Subiri kwanza! Ndani ya pampu ya usukani kuna vali zinazozuia oili isirudi nyuma. Uchafu ukikaa pale au vali ikichoka, oili ya autopailoti inapanda juu na kuuzungusha usukani badala ya kwenda kwenye silinda. Hapo pampu mpya ya autopailoti itafanya vilevile, na pesa imekwenda.

Usukani ukishakuwa mzima, ndipo tuitazame bidhaa yenyewe, na mimi naanza na umeme. Autopailoti inayojizima ghafla wakati wa kugeuza kwa nguvu mara nyingi ina njaa ya umeme. Chukua mita, pima kwenye terminali za kompyuta, kisha kwenye betri, wakati pampu inasukuma. Kupima betri iliyotulia hakukwambii chochote. Kwenye mfumo wa volti 12, njiani isipotee zaidi ya asilimia 3, yaani kama volti 0.36. Ikizidi hapo, tafuta waya mwembamba, terminali yenye kutu au fyuzi iliyolegea.

Dira sasa. Boti ikishika mwelekeo vizuri upande wa kaskazini na kuchepuka ikielekea mashariki, sensa inadanganywa na sumaku au chuma. Spika, kisanduku cha spana, kava ya simu yenye sumaku, vyote hivyo visogeze mbali. Kisha fanya usawazishaji wa dira: maji yaliyotulia, eneo wazi, mizunguko ya taratibu sana kama kitabu kinavyosema. Watu wanaikimbiza hatua hii, halafu wanalalamika.

Kama ina sensa ya pembe ya usukani, geuza taratibu huku ukitazama namba kwenye skrini. Zikiruka au kuganda, kiungo chake kimelegea au sensa imekufa. Boti ikiandika nyoka baharini ingawa kila kitu ni kizima, rekebisha ukali wa mwitikio, ngazi moja moja tu. Mawimbi ya nyuma, lakini, yataiyumbisha hata iliyo bora, hilo usilitafutie fundi.

Vifaa vikipotea kwenye skrini, zima NMEA 2000, yaani mtandao wa nyaya unaounganisha vifaa vya boti, na upime kati ya nyaya mbili za data. Unatakiwa kusoma kama omu 60. Ukisoma 120, kimoja kati ya vizibo viwili vyenye resista kwenye ncha za mtandao hakipo, au waya umekatika.

Kuhusu ubora, nazipenda hizi za kizazi kipya. Raymarine Evolution na Garmin Reactor zote zinatumia sensa ya mihimili 9, inayopima miinamo, mizunguko na sumaku ya dunia, na tofauti na dira za zamani ni kubwa, hasa boti ikilala ubavu au kuruka. Garmin ina Shadow Drive: ukigeuza usukani ghafla, autopailoti inajiachia yenyewe. Ukikutana na gogo mbele yako utaelewa kwa nini naisifu. Nisichopenda kwenye soko hili ni wauzaji kutaja urefu wa boti tu. Pampu inachaguliwa kwa ujazo wa silinda yako. Ikiwa ndogo itachelewa kugeuza, ikiwa kubwa itarusha usukani kupita kiasi, na hakuna menyu itakayoficha hilo.

Na hata ikiwa imefungwa vizuri, kanuni ya 5 ya kuzuia migongano baharini bado inakutaka uwe macho wakati wote. Autopailoti haioni mtumbwi.

Nani anunue? Mwenye safari ndefu, na mwenye usukani uliokwisha kukaguliwa. Ukiniuliza swali hapo chini, niandikie aina ya usukani, volti ulizosoma pampu ikisukuma, na kama usukani unazunguka wenyewe au la. Bila hayo matatu nitakuwa nabahatisha.