Mafuta ya langilangi: nimeyapenda, ngozi imeyakataa

Nilinunua mwezi wa sita hapa Mtwara mjini, kwa dada mmoja anayeuza vipodozi karibu na soko kuu. Chupa ya mililita 100, mafuta ya ufuta yaliyotiwa mafuta ya ua la langilangi kutoka Komoro. Harufu yake, jamani! Haipandi kichwani kama manukato makali. Ukijipaka unasikia ua bichi, jasho likianza kutoka inakuwa tamu, nzito kidogo. Siku ya kwanza mama mdogo alinikuta ukumbini akauliza, "Mwanangu, harusi ya nani leo?" Nilikuwa nimetoka kuoga tu.

Kusi ikivuma miguu yangu hupauka hadi kuchanika. Mwaka huu haikupauka hata siku moja.

Mwezi wa kumi joto lilipopanda, nikaota vipele shingoni na kwenye mikunjo ya viwiko. Vinawasha hasa usiku, silali. Nikasema ni harara. Nikaacha mafuta siku kumi, vikatulia. Nilipopaka tena, siku ya pili vikarudi na ngozi ikaanza kuwa nyeusi na ngumu. Hapo ndipo nilipokwenda kwa daktari wa ngozi, na chupa mkononi.

Akanionyesha neno moja kwenye lebo: linaloli, kemikali ya harufu. Hakuna aliyeiongeza kiwandani; imo ndani ya langilangi lenyewe, imo kwenye lavanda, imo hata kwenye mrehani tunaoweka kwenye kikuba. Ikiwa mpya ni mara chache kumdhuru mtu. Ikikaa na hewa miezi na miezi hugeuka, na huko kugeuka ndiko kunakoleta mzio. Ulaya ni lazima itajwe kwenye lebo ikizidi asilimia 0.001 katika mafuta au losheni ya kupaka na kuacha mwilini. Chupa yangu ilikaa dirishani, kifuniko nimekilegeza, tangu kusi hadi joto.

Kilichoniuma ni kwamba mzio wa namna hii ukishaingia kwa kawaida hauondoki. Laiti ningenunua chupa ndogo ya kioo cheusi, nikaifunga vizuri, nikaimaliza mapema. Na wewe unayetaka kununua, jaribu kwanza tone moja ndani ya mkono kwa siku kadhaa, mara mbili kwa siku.

Mimi sasa napaka ufuta mtupu. Mama mdogo amenunua yake, mililita 30, anaiweka kabatini. Jioni tukikaa barazani nasogea upande upepo unakotokea kwake.