Karatasi za polistirini: kibanda changu cha gengi kilichopinda, na cha pili kilichosimama

Nimejengea vibanda viwili kwa karatasi nyeupe za plastiki ya polistirini, vyote kwa ajili ya reli yangu ya modeli. Cha kwanza kiliharibika kwa kosa langu. Cha pili kina miezi minane na kuta zake bado zimenyooka. Kwa mwenye haraka: nunua, lakini usijenge boksi lisilopumua.

Nilitaka kibanda cha gengi, pale mafundi wa njia ya reli wanapojikinga na mvua. Nchini Uingereza vingi vilijengwa kwa mataruma chakavu, yaani magogo yanayolazwa chini ya reli, yaliyosimamishwa wima, bega kwa bega. Natumia skeli ya OO, yaani milimita 4 kwa kila futi 1, kwa hiyo hesabu haisumbui. Taruma la mbao lenye upana wa inchi 10 linakuwa milimita 3.3. Ukuta mrefu nikaupa mataruma 12 na mfupi 9, kibanda kikatoka milimita 40 kwa 30. Kinaenea kiganjani.

Zamani nilikuwa nikitumia kadibodi. Ilikuwa inakunywa rangi na kuvimba kwenye kona, na tundu la dirisha halikuwahi kutoka safi. Polistirini ni habari nyingine kabisa. Unaweka rula ya chuma, unapitisha ncha ya kisu mara mbili kwa mkono mwepesi, kisha unaikunja karatasi nayo inakatika palepale kwenye mstari. Usikandamize ukitaka kuimaliza kwa mara moja. Kisu kitateleza na mstari utakwenda upande. Kandokando ya mchano huinuka kituta chembamba cha plastiki ambacho macho hayakioni lakini kidole kinakihisi. Kisugue kwa msasa kabla ya kuunganisha, la sivyo viungo havitakutana.

Kuunganisha ndiko kunakonifurahisha zaidi. Hutumii gundi ya kupaka, unatumia kiyeyushi chepesi kama maji. Unashikanisha vipande vikiwa vikavu, unagusa kiungo kwa ncha ya brashi, na kimiminika kinakimbia chenyewe ndani ya ufa. Plastiki ya pande zote mbili inalainika kidogo, inashikana, inakuwa kitu kimoja. Mvuke wake ni mkali, kwa hiyo madirisha yawe wazi na kichupa kifunikwe kila baada ya kuchovya.

Sasa yale ya kibanda cha kwanza. Kuta nilizikata kwenye karatasi ya nusu milimita, nikabandika vipande vya mataruma upande wa nje tu, nikavilowesha kiyeyushi bila kipimo. Siku hiyohiyo nikaweka sakafu na paa, kote kukafungwa. Kilipendeza sana. Wiki ya nne nikaona mwanga chini ya ukuta wa nyuma: ulikuwa umebinuka kama kadi iliyolowa, na kona moja imeachia. Kiyeyushi kilichonaswa ndani kilikuwa hakina pa kutokea, kikaendelea kulainisha plastiki polepole, na upande mmoja wa ukuta ukauvuta mwingine. Niliumia, maana kazi ya jioni sita ilikuwa humo.

Cha pili nilikijenga kwa karatasi ya milimita 1. Ndani nikabandika mihimili miwili ya kukatiza kila ukuta, sakafuni nikatoboa tundu la milimita 6, na kuta nikaziacha zikauke siku nzima kabla ya kuezeka. Kiyeyushi niligusa tu, sikulowesha. Tofauti yote imetoka hapo.

Ili plastiki ifanane na mbao kuukuu, buruta meno ya msumeno mdogo kwa urefu wa kila taruma kabla ya kulibandika, tena usiyafanye yote yalingane. Moja lipasue kichwa, jingine lipunguze kimo kidogo. Rangi niliyopaka ni ya maji, kijivu kwanza, halafu kahawia nyembamba inayoishia kwenye mikwaruzo. Tina kali ya rangi za magari usiijaribu, itaila plastiki.

Paa ni la bati, na hapa polistirini niliiacha. Mawimbi ya bati ya inchi 3 yanakuwa milimita 1 tu, na karatasi nene huonekana nene tu pale ukingoni. Nilisugua foili ya alumini juu ya kipande chenye mifereji kwa kijiti butu, nikakata mabati moja moja na kuyalalisha yakipandana. Vioo vya dirisha nilibandika kwa gundi nyeupe ya mbao. Supagluu huacha ukungu juu ya plastiki angavu, na ukungu huo hautoki.

Kabla ya kukibandika mahali pake, kiweke tu na upitishe behewa lako refu kuliko yote, taratibu, hasa kwenye kona. Behewa hutokeza tumbo upande wa ndani wa kona na ncha upande wa nje. Langu liligusa bomba la moshi, nikasogeza kibanda milimita 5 nyuma, ndipo nikamwaga kokoto kukizunguka.