Leseni ya kimataifa ya udereva: inakupa funguo za gari, haikufundishi barabara ya wenzako

Nimeitumia hii leseni ya kimataifa kukodi magari nchi tofauti tofauti na kila mtu akikaribia safari anaiulizia, kwahiyo naandika yote ninayoyajua kuhusu hiki kitu. Naipa nyota 3 kati ya 5. Kazi yake ya karatasi inaifanya vizuri kabisa, hapo sina neno, kinachoniumiza ni kwamba watu wanaichukua wakiamini sasa wameiva kuendesha popote duniani na wanaingia barabarani na kichwa kilekile walichotoka nacho nyumbani.

Kwanza mjue ni nini hasa. Ni kijitabu cha karatasi, jalada la kijivu, kidogo, kinaingia mfuko wa shati. Ukikifungua kurasa karibu zote zinasema kitu kilekile kwa lugha mbalimbali, Kifaransa, Kihispania, Kirusi na nyinginezo, halafu mwishoni kuna picha yako, majina yako na vile viboksi A, B, C, D, E vinavyogongwa muhuri kulingana na aina ya magari unayoruhusiwa. Basi, hamna kingine. Ni tafsiri ya leseni yako ya nyumbani, haisimami peke yake, kama leseni yako halisi umeisahau hotelini hicho kijitabu ni kama hauna kitu, na kwenye nchi iliyokitoa hakitumiki kabisa. Kaunta ya kukodi gari mambo yalienda haraka sana, dada alifungua ukurasa wa mwisho, akaweka leseni yangu pembeni, akalinganisha majina na daraja, akanakili namba, akanisogezea funguo. Kwa hilo nasema asante, maana bila kile kijitabu angekuwa anakodolea macho maandishi asiyoyajua na gari ningeikosa.

Ila hakuna aliyeniuliza kama najua pale makutanoni nani anapita kwanza.

Na hilo la nani apite kwanza mimi naliona kubwa kuliko hata upande wa barabara ambao ndio watu wote wanauogopa. Upande unazoea, Uingereza, Japani, India, Australia na Afrika Kusini ni kushoto, sehemu kubwa ya dunia ni kulia, unawafuata walioko mbele yako unafika. Hatari ya upande inakuja ukiwa peke yako, asubuhi na mapema umetoka sheli, barabara tupu, hamna gari hata moja la kukuonyesha njia, mikono inakata kona kwenda kule ilikozoea. Sweden walihama kutoka kushoto kwenda kulia tarehe 3 Septemba 1967, Samoa nao wakahama kutoka kulia kwenda kushoto mwaka 2009, lakini wale nchi nzima ilihama siku moja kwa maandalizi na matangazo, wewe mgeni unahama peke yako na usingizi wa ndege bado uko machoni.

Sasa turudi makutanoni. Ufaransa, Ubelgiji, Ujerumani, ukifika makutano ambayo hayana kibao wala mataa anayetokea kulia kwako ndiye anapita, hata kama anatoka kijia chembamba na wewe uko kwenye barabara inayoonekana kubwa. Anajua ni haki yake kwahiyo hapunguzi mwendo kukusubiri. Mtu aliyezoea kwamba barabara kubwa ndiyo mwenye enzi anapita moja kwa moja, na hapo hakuna leseni itakayomsaidia. Marekani wana ile ya stop pande zote nne, kila mtu anasimama kabisa, aliyetangulia kufika ndiye anatangulia kuondoka, mkifika pamoja aliye kulia anapita, na inafanya kazi kwa sababu kila dereva anamwangalia mwenzake na kuheshimu zamu. Nimeipenda sana hiyo, nasema kweli. Kipilefti nacho kinazunguka upande mwingine, nchi za kushoto mnazunguka kama mshale wa saa, za kulia kinyume chake, kwahiyo jicho linalotafuta gari inabidi lihame pia, na jicho ni gumu kulihamisha kuliko mikono.

Mataa mekundu ndio kabisa. Marekani sehemu nyingi ukishasimama kabisa na kuhakikisha hakuna mtu unaruhusiwa kukata kulia hata taa ikiwa nyekundu, na ukikaa tu nyuma yako honi zinaanza. Lakini jiji la New York hairuhusiwi mpaka uone kibao kinachoruhusu. Ukivuka kwenda Ulaya nyekundu ni nyekundu, Ujerumani kuna kibao kidogo chenye mshale wa kijani ndicho kinachokuruhusu na bado lazima usimame kwanza. Japani kibao chao cha stop ni pembetatu nyekundu iliyogeuzwa kichwa chini, umbo ambalo nchi nyingi linamaanisha toa njia tu, kwahiyo mgeni anapunguza mwendo anapita, kumbe alitakiwa asimame matairi yasizunguke kabisa. Kwenye reli vilevile, Japani unasimama kabla ya kuvuka hata kama kizuizi kiko juu na hakuna treni hata ya mbali.

Kuna kitu ambacho hakuna kijitabu chochote kitakuambia nacho ni taa za kuwashiwa. Fikiria uko barabara nyembamba, magari yamepaki upande mmoja, anakuja mwenzako kwa mbele anakupiga fulu mara mbili. Uingereza mara nyingi hiyo ni ukarimu, anakuambia pita wewe, ingawa kitabu chao cha sheria za barabarani kinasema taa ni ya kumjulisha mwenzako kwamba upo, basi, usiichukulie kama ruhusa. Ujerumani au Italia mtu akikupiga fulu akiwa nyuma yako njia ya kushoto anataka umpishe, na anaendelea kuja. Ishara ileile, mmoja anasema njoo mwingine anasema toka, na mtu anaamua kwa nusu sekunde akitumia maana aliyokua nayo. Mimi naona hii ndiyo sehemu inayotakiwa kufundishwa kuliko zote kwa sababu haiko kwenye kibao chochote, na usipojua, kaa ulipo mpaka mwenzako asimame kabisa uone uso wake.

Rangi za mistari pia zinachanganya watu wazima na akili zao. Marekani mstari wa njano katikati unatenganisha mnaopishana, mweupe ni wa mnaoenda njia moja, kwahiyo ukiona njano kushoto kwako uko salama. Uingereza wa katikati ni mweupe, njano iko pembeni na inahusu kupaki. Mtu aliyezoea Marekani akiona mstari mweupe upande wa dereva anaweza kudhani barabara yote ni ya kwenda huko anakoenda yeye. Rangi za bomba za sheli nazo ziangalieni, Uingereza ya kijani ni petroli, Marekani ya kijani mara nyingi ni dizeli, soma maandishi usisome rangi.

Spidi nisirefushe, Marekani na Uingereza vibao ni maili, 60 ya kule ni karibu kilomita 97. Ufaransa hayiwe, zile barabara kuu za mwendo kasi, ni kilomita 130 na mvua ikinyesha inashuka 110, na hiyo ni sheria, haijaachwa kwa busara ya dereva. Ujerumani ndipo watu wanapopenda kwenda kujaribu gari, na ni kweli kuna vipande ambavyo havina kikomo, wanashauri tu 130, ila wasichoambiwa ni nidhamu inayoendana nacho: kuovateki kwa kulia ni marufuku, njia ya kushoto ni ya kuovateki ukimaliza unarudi, foleni ikianza kusimama magari yanajibana pembeni kuacha njia ya ambulansi katikati kabla hata king'ora hakijasikika, na mafuta yakikuishia ukasimama hapo unaweza kupigwa faini kwa sababu hukujiandaa. Ule uhuru wa spidi unawezekana kwa sababu wote wanashika hayo mengine, ukija na spidi tu bila hayo mengine unakuwa hatari kwa watu waliokuamini.

Marekani tena, basi la shule la njano likisimama na taa zake nyekundu zinawaka, anayetoka mbele na anayetoka nyuma wote wanasimama, isipokuwa kama barabara imegawanywa katikati hapo sheria inategemea jimbo. Hii naiheshimu kuliko zote. Pombe msicheze, Uingereza yenyewe ina viwango viwili, Scotland ni miligramu 50 za pombe kwenye mililita 100 za damu tangu 2014 na England ni 80, Czech na Hungary ni sifuri kabisa, kwahiyo mie ushauri wangu kama unaendesha usionje.

Faini nazo hazifanani. Italia miji mingi ya zamani ina maeneo ambayo gari lisilo na kibali haliruhusiwi kuingia, kamera inapiga picha namba, hakuna trafiki wa kukusimamisha wala wa kukueleza, miezi inapita ushasahau, kampuni ya kukodi inakutoza ya kwake kwa kutoa jina lako halafu faini yenyewe inafuata. Finland makosa makubwa ya spidi wanapiga faini kwa kipato chako, tajiri analipa kama tajiri, na mimi hiyo naiunga mkono kabisa.

Sasa huduma yenyewe, hizo nyota 2 zimepotea wapi. Ofisi niliyochukulia kijitabu (jina siitaji) walikuwa wepesi, fomu, picha, muhuri, tayari, lakini hakuna mtu aliyeuliza naenda nchi gani. Na hilo swali ndilo la kwanza lilitakiwa, maana hizi leseni haziko aina moja, kuna ya mkataba wa Geneva wa 1949 ambayo inadumu mwaka mmoja na kuna ya mkataba wa Vienna wa 1968 ambayo inaweza kufika miaka 3 ikitegemea leseni yako ya nyumbani. Japani wanapokea ya 1949 tu, ukifika na ya 1968 gari hupewi, wenye leseni za Ujerumani au Ufaransa kule wanatumia tafsiri rasmi ya Kijapani. China bara hawapokei yoyote, lazima uchukue leseni ya muda ya kwao. Nilipouliza hii yangu ni ya mkataba gani yule wa dirishani ilibidi ainuke aende kuuliza ndani. Mtu anayetoa karatasi ya kuendeshea nchi za watu anatakiwa ajue hilo kama anavyojua jina lake, na wangeweza hata kuambatanisha karatasi moja tu ya nchi unayoenda, nani anapita kwanza, nyekundu inasemaje, mistari ina maana gani.

Kitu kingine, mtandaoni kuna wauzaji wengi wa kadi nzuri za plastiki wanaziita leseni ya kimataifa, inadumu miaka 10, eti hata leseni ya nyumbani huhitaji. Hizo ni utapeli mtupu, hakuna mkataba unaotoa kitu kama hicho. Nenda kwa chombo ambacho serikali ya nchi iliyokupa leseni imekiruhusu, mara nyingi ni idara ya leseni yenyewe au chama cha wenye magari, na kabla hujaondoka dirishani soma tarehe ya mkataba kwenye jalada, 19 Septemba 1949 au 8 Novemba 1968, fungua mwisho uone kiboksi cha gari unaloendesha kimegongwa muhuri, weka sahihi yako palepale, halafu waulize kwa sauti kama nchi unayoenda wanaipokea.